Nani Afute Uongo wa Serikali?

MHARIRI: Uongo wa serikali mtandaoni hauji na nembo ya taifa. Huja na sura ya jirani, ya shabiki wa mpira, ya binti anayeposti picha za nguo, na nguvu yake yote iko hapo. Jeshi la Myanmar lililielewa jambo hili mapema. Mwaka 2014 kampuni mbili za kigeni za simu ziliingia nchini humo, na laini iliyowahi kuuzwa kwa mamia ya dola ikashuka hadi takriban dola moja na nusu. Mamilioni ya watu wakaingia intaneti kwa mara ya kwanza kupitia Facebook, na kwa wengi wao Facebook ndiyo ilikuwa intaneti yenyewe. Katika miaka hiyohiyo jeshi lilijenga kikosi cha watu wapatao 700 waliofanya kazi kwa zamu katika kambi za milimani karibu na mji mkuu, Naypyidaw, kama gazeti la New York Times lilivyofichua Oktoba 2018. Walifungua kurasa za wanamuziki, warembo, mashujaa wa vita na vichekesho. Wafuasi walipokwisha kujaa, kurasa hizohizo zikaanza kumwaga chuki dhidi ya Waislamu wa Rohingya. Kuanzia Agosti 2017 Warohingya zaidi ya 700,000 walikimbilia Bangladesh huku vijiji vyao vikiteketezwa. Kampuni yenye jukwaa la namna hiyo inapaswa kuzifuta akaunti za serikali inayofanya hivyo, tena bila kusubiri ruhusa ya serikali yoyote.

AFISA WA SERIKALI: Yaliyotokea katika jimbo la Rakhine, walikoishi Warohingya, hayana mtetezi, na mtumishi yeyote wa umma mwenye utu anayalaani. Lakini kanuni inayotungwa kwa kutazama kisa kibaya kuliko vyote huishia kutumika kwenye visa vya kawaida. Januari 2021, siku tatu kabla ya uchaguzi mkuu wa Uganda, Facebook ilitangaza kufuta akaunti na kurasa zilizompigia debe Rais Yoweri Museveni. Uamuzi huo ulipitishwa na wafanyakazi wa kampuni ya Marekani ambao hawakuchaguliwa na Mganda hata mmoja, na hakuna jaji aliyeusikiliza. Siku hizohizo Twitter ilikuwa imemfungia rais wa Marekani mwenyewe, Donald Trump, na msemaji wa Kansela wa Ujerumani wa wakati huo, Angela Merkel, akasema hatua hiyo ina mushkeli, kwa kuwa mipaka ya uhuru wa maoni huwekwa na watunga sheria, si na wakuu wa kampuni. Ikiwa Ujerumani ina haki ya kusema hivyo, Uganda inayo pia.

MHARIRI: Inayo, ila haki hiyo haibadilishi kilichofutwa. Facebook iliuhusisha mtandao ule na kituo cha serikali cha mawasiliano na wananchi kilicho chini ya wizara ya habari na teknolojia. Akaunti bandia na akaunti pacha ziliendesha kurasa, zikajifanya watu wasiokuwapo, zikapachika maoni chini ya taarifa za wengine na kusambaza posti moja katika makundi mengi ili ionekane kipenzi cha umma. Mwisho wa mwaka huohuo Twitter nayo ilitangaza kuondoa akaunti 418 za aina hiyo zilizomuunga mkono Museveni na chama cha NRM. Hakuna aliyezuiwa kukipenda chama tawala. Kilichozuiwa ni ofisi inayolipwa kwa kodi kujifanya umati. Mwananchi anayesoma maoni mia ya kumsifu kiongozi, yote yakiwa yameandikwa na watu wachache waliokaa chumba kimoja, amenyimwa kitu cha msingi kuliko taarifa sahihi: amenyimwa kujua wenzake wanafikiri nini.

AFISA WA SERIKALI: Na baada ya kufutwa huko kilifuata nini? Tarehe 12 Januari serikali iliifungia Facebook. Usiku wa tarehe 13, saa chache kabla ya upigaji kura, intaneti yote ilizimwa, ikarudi tarehe 18 matokeo yakiwa yamekwisha kutangazwa. Facebook yenyewe ilibaki imefungwa kwa miaka. Muuza nguo wa Kampala aliyetegemea ukurasa wake kupata wateja hakuwa chawa wa mtu, lakini ndiye aliyepoteza. Kampuni haikupoteza chochote cha maana. Kufuta akaunti ni rahisi kwa anayeishi California, na gharama hulipwa na wengine.

MHARIRI: Aliyezima intaneti ni serikali. Kumlaumu aliyemfichua mwongo kwa sababu mwongo amekasirika ni kuhamisha kosa. Zaidi ya hapo, kuzima huko kunathibitisha hoja yenyewe. Serikali za kimabavu hazitumii mtandao kwa sababu zinaupenda mjadala. Zinautumia maadamu sauti zao ndizo nyingi, na zinapoanza kuzidiwa zinaukata. Kumwaga uongo na kuziba midomo ni kazi ya idara moja.

MWANASHERIA: Mpaka hapa pande zote mbili zinabishana kuhusu nani ashike kifutio. Kuna jambo moja limerukwa, nalo ni ushahidi. Facebook ilipowafungia wakuu wa jeshi la Myanmar tarehe 27 Agosti 2018, akiwemo Jenerali Min Aung Hlaing, iliondoa kurasa na akaunti zilizofuatwa na watu karibu milioni 12. Siku hiyohiyo jopo la Umoja wa Mataifa lilikuwa limetoa ripoti iliyotaka majenerali hao wachunguzwe kwa mauaji ya kimbari. Mwaka uliofuata Gambia, nchi ndogo ya Afrika Magharibi, iliishtaki Myanmar mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki mjini The Hague. Ili kuthibitisha nia ya jeshi ilihitaji maneno ya jeshi lenyewe, na maneno hayo sasa yalikuwa mikononi mwa kampuni binafsi. Gambia ikalazimika kwenda mahakamani Marekani kuyadai. Facebook ilipinga. Septemba 2021 jaji mmoja wa Washington aliamuru mambo mengi yatolewe, na Desemba amri ile ikapunguzwa. Kufuta peke yake, bila wajibu wa kutunza na kukabidhi, humsafishia mkosaji njia.

MHARIRI: Wajibu wa kutunza haupingwi. Ila mahakama hutembea kwa miaka, na uongo huua kwa siku. Septemba 2017 ujumbe wa aina mbili ulisambaa Myanmar kupitia Messenger. Wabudha waliambiwa kwamba Waislamu wamepanga kushambulia tarehe 11 Septemba. Waislamu waliambiwa kwamba makundi ya Wabudha yanajiandaa kuwavamia siku hiyohiyo. Kila upande ulisomeshwa hofu yake, na uchunguzi wa baadaye ukakihusisha kitendo hicho na jeshi. Jamii iliyotishwa pande zote mbili hukimbilia kwa mwenye bunduki, na mwenye bunduki ndiye aliyeandika ujumbe wote. Hapo jaji angefika lini?

MWANASHERIA: Je, kampuni yenyewe ilifika lini? Mashirika ya kiraia ya Myanmar ndiyo yaliyoona ujumbe ule na kuipigia Facebook kelele. Aprili 2018 Mark Zuckerberg alipotoa mfano huo kuonyesha kwamba mifumo ya kampuni yake inafanya kazi, mashirika hayo yalimjibu kwa barua ya wazi kwamba mfumo uliofanya kazi ni wao. Mwanzoni mwa 2015 kampuni ilikuwa na wakaguzi wawili tu wanaosoma Kiburma. Maandishi mengi ya nchi hiyo yaliandikwa kwa fonti ya Zawgyi, isiyofuata kiwango cha kimataifa, hivyo programu za kampuni zikawa hazitambui hata herufi. Novemba 2018 kampuni ilikiri kwamba haikufanya vya kutosha. Anayetaka kuikabidhi kampuni ulinzi wa nchi aulize kwanza kama inasoma lugha ya nchi hiyo.

AFISA WA SERIKALI: Aulize pia kama inaijali. Sophie Zhang, aliyekuwa mtaalamu wa data wa Facebook, alieleza hadharani mwaka 2021 jinsi alivyogundua kwamba Rais Juan Orlando Hernández wa Honduras alikuwa akipigiwa makofi mtandaoni na watu wasiokuwapo. Kampuni ilichukua karibu mwaka mzima kuchukua hatua. Nchini Azerbaijan watu wa chama tawala walitumia mwanya uleule wa kufungua kurasa nyingi kwa akaunti moja, kurasa zilizovishwa majina ya watu, ili kuwashambulia waandishi wa habari, na huko nako kulichelewa. Uchaguzi wa Marekani hulindwa usiku na mchana. Nchi isiyo na matangazo ya fedha nyingi husubiri foleni. Hii si haki. Ni biashara inayojiita haki.

MHARIRI: Ucheleweshaji ni sababu ya kuibana kampuni ifanye kazi yake, si sababu ya kuinyang'anya kazi hiyo na kumkabidhi yuleyule anayetuhumiwa.

AFISA WA SERIKALI: Lakini hata kampuni ingekuwa na macho elfu, uongo wa dola hautoki mtandaoni. Ulikuwapo kabla na utabaki baada. Julai 2018 jeshi la Myanmar lilichapa kitabu cha karatasi na wino kuhusu Warohingya, kazi ya idara yake ya uhusiano wa umma na vita vya kisaikolojia. Hakuna kanuni za Facebook zinazokifikia kiwanda cha uchapaji.

MHARIRI: Kisa cha kitabu hicho kinastahili kuelezwa chote, kwa sababu kinaonyesha jinsi uongo wa dola unavyoshonwa. Ndani yake mlikuwa na picha iliyofifia, nyeusi na nyeupe, ya msururu wa watu waliobeba mizigo njiani. Maelezo chini yake yalidai kwamba ni Wabengali, kama jeshi lilivyowaita Warohingya, wakiingia Myanmar wakati wa ukoloni wa Waingereza. Waandishi wa shirika la Reuters walipoifuatilia walikuta ni picha ya rangi ya mwaka 1996. Watu wale walikuwa wakimbizi wa Rwanda, na barabara ile iko Tanzania. Ilipigwa na Martha Rial, Mmarekani aliyepata tuzo ya Pulitzer kwa kazi hiyo. Rangi iliondolewa ili picha izeeke. Picha nyingine, iliyodaiwa kuonyesha Wabudha waliouawa na Wabengali, ilikuwa ya Dhaka wakati wa vita vya uhuru wa Bangladesh vya 1971, na waliouawa mle walikuwa Wabengali wenyewe. Ya tatu ilikuwa ya mashua ya wahamiaji waliokuwa wakitoka Myanmar mwaka 2015. Iligeuzwa na kufifishwa ili ionekane kwamba wanaingia. Mateso ya watu wa Maziwa Makuu yaliibwa na kugeuzwa hati ya mashtaka dhidi ya watu wengine wanaoteseka.

Jeshi liliomba radhi kwa picha hizo tarehe 3 Septemba 2018. Siku hiyohiyo mahakama ya Yangon iliwahukumu kifungo cha miaka saba waandishi wawili wa Reuters, Wa Lone na Kyaw Soe Oo, waliokuwa wamechunguza mauaji ya Warohingya kumi katika kijiji cha Inn Din. Hao ndio watu ambao kazi yao ni kuukamata uongo kama ule. Dola iliomba radhi kwa mkono mmoja na kwa mkono mwingine ikawafunga.

MWANASHERIA: Na iliwafunga kwa kutumia sheria, ile ya siri za serikali. Hapa ndipo hoja ya mamlaka ya taifa inapopata jaribio lake. Afisa anataka uongo ushughulikiwe na sheria za nchi. Sheria za namna hiyo zimekwisha kujaribiwa. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, ambayo kifungu chake cha 16 kinaadhibu taarifa za uongo, na kanuni za maudhui za mwaka 2018 zilimtaka mwenye blogu alipe ada zilizofika zaidi ya shilingi milioni mbili. Kuanzia Julai 2018 hadi 2021 Uganda ilitoza shilingi 200 kwa siku kwa kila anayetumia mitandao ya kijamii, baada ya Museveni kulalamika kwa barua kuhusu umbea. Kifungu cha sheria ya Uganda kuhusu mawasiliano ya kukera kilitumika dhidi ya wakosoaji hadi Mahakama ya Katiba ilipokifuta Januari 2023. Waliokamatwa kwa sheria za namna hii ni wanafunzi, wanaharakati na wenye blogu. Ofisi inayoajiri watu wa kujifanya wananchi haijawahi kupandishwa kizimbani.

AFISA WA SERIKALI: Sheria iliyotumika vibaya hurekebishwa, haitupwi. Bila sheria, nchi dhaifu hugeuzwa uwanja wa wageni. Desemba 2020 Facebook ilifuta mitandao ya akaunti bandia iliyokuwa ikipambana ndani ya Jamhuri ya Afrika ya Kati, ambayo ilikuwa ikielekea kwenye uchaguzi. Upande mmoja ulihusishwa na watu wenye uhusiano na jeshi la Ufaransa. Upande mwingine ulihusishwa na watu wa mfanyabiashara Yevgeny Prigozhin wa Urusi. Walijifanya wenyeji na kutukanana kwa niaba ya wenyeji. Ufaransa ni nchi ya kidemokrasia, lakini haikusita. Wananchi wa Bangui, mji mkuu wa nchi hiyo, wangelindwa na nani, kama si na serikali yao?

MHARIRI: Kisa hicho ni kweli na ni aibu kwa Ufaransa. Lakini waliokigundua na kukifichua walikuwa kampuni pamoja na watafiti waliokuwa na data yake, wala si wizara ya Bangui. Tena kutungia sheria kila sentensi ya uongo ni kukosea mahali pa kulenga. Ndege ya Malaysia MH17 ilipotunguliwa juu ya mashariki mwa Ukraine tarehe 17 Julai 2014, watu 298 wakafa. Vyombo vya Urusi na akaunti zake havikushikilia uongo mmoja. Mara ilikuwa ndege ya kivita ya Ukraine, mara ni mwongoza ndege wa Kihispania aliyedai kuona yote na ambaye hakuwahi kuwa mwongoza ndege, mara abiria walikuwa maiti tangu mwanzo. Hadithi hizo zinapingana zenyewe kwa zenyewe. Hazikukusudiwa kuaminiwa zote. Zilikusudiwa kumchosha msomaji mpaka aseme kwamba ukweli haujulikani. Mahakama ya Uholanzi iliwatia hatiani watu watatu mwaka 2022, miaka minane baadaye, na kwa wengi uchovu ule ulikuwa umekwisha kufanya kazi.

China hufanya kimyakimya zaidi. Barua pepe zilizovuja za ofisi ya propaganda ya wilaya ya Zhanggong ziliwapa watafiti Gary King, Jennifer Pan na Margaret Roberts dirisha adimu. Mwaka 2017 walikadiria kwamba serikali ya China ilikuwa ikipachika posti milioni 448 kwa mwaka, nyingi zikiandikwa na watumishi wa serikali katika muda wao wa ziada. Karibu zote hazibishani na mtu wala hazidanganyi waziwazi. Husifu, hushangilia na kubadili mazungumzo watu wanapoanza kukusanya hasira. Ni kifungu gani cha habari za uongo kitakachoyashika maneno ya kusifu?

MWANASHERIA: Hakipo, na ndiyo maana sheria ilenge mwenendo, iache maneno. Jambo la kupigwa marufuku ni serikali kusema bila kujitambulisha. Kila akaunti inayoendeshwa kwa fedha za umma itangazwe. Kila mkataba wa serikali na wasimamizi wa kurasa uingie katika vitabu vinavyokaguliwa. Mtumishi anayetumwa kujifanya raia awe na haki ya kukataa, na kinga akisema. Mwaka 2015 Lyudmila Savchuk alitoka katika jengo la namba 55, mtaa wa Savushkina, St. Petersburg, ambako watu waliandika maoni ya kulipwa kwa zamu za saa 12. Akakipeleka kiwanda hicho mahakamani. Ushahidi wa mtu mmoja wa ndani uliufundisha ulimwengu mengi kuliko matangazo mengi ya kampuni.

AFISA WA SERIKALI: Hilo ni pendekezo la haki, na serikali yenye nia njema haina sababu ya kulikataa. Ila Mwanasheria anadhani kuna mkaguzi huru, jaji huru na bunge lenye meno. Serikali yenye hivyo vyote si ya kimabavu. Kwa Myanmar pendekezo hilo lingepelekwa kwa nani? Februari 2021 jeshi lilipindua serikali na kuifungia Facebook ndani ya siku nne. Facebook ikalifungia jeshi mwezi huohuo. Wafuasi wa jeshi wakahamia Telegram, ambako waliposti majina na anwani za wapinzani, na watu wakafuatwa majumbani. Kufuta kulihamisha tatizo, na sheria haikuwepo.

MHARIRI: Kulihamishia mahali penye watu wachache, na hilo si dogo. Uongo unaofika kwa watu laki moja si sawa na unaofika kwa milioni 12. Hatari ya sasa ni kwamba hata uwezo wa kuona unaondolewa. Agosti 2024 Meta, kampuni mama ya Facebook, ilifunga CrowdTangle, chombo ambacho waandishi walikitumia kuona posti moja ikisambazwa kwa pamoja na kurasa kadhaa. Twitter, iliyokwisha kununuliwa na Elon Musk, ilikuwa imeanza mwaka 2023 kuwatoza watafiti fedha kwa data iliyokuwa ya bure. Januari 2025 Meta ilitangaza kuachana na wahakiki huru wa habari nchini Marekani. Mtandao kama ule wa Kampala ukijengwa leo, watu wenye nafasi ya kuugundua ni wachache kuliko mwaka 2021.

MWANASHERIA: Ndiyo maana haitoshi kuiomba kampuni. Umoja wa Ulaya, kwa sheria yake ya huduma za kidijitali iliyoanza kutumika kikamilifu Februari 2024, umezilazimisha kampuni kubwa kuwafungulia watafiti data, lakini kwa ajili ya kuchunguza hatari zilizomo Ulaya. Mtafiti anayechunguza Kampala au Yangon hana mlango wa namna hiyo. Mlango unaojaribiwa Afrika uko Nairobi. Desemba 2022 kesi ilifunguliwa katika Mahakama Kuu ya Kenya dhidi ya Meta kuhusu chuki iliyosambaa wakati wa vita vya kaskazini mwa Ethiopia. Baba wa mlalamikaji mmoja, profesa wa kemia, aliuawa Novemba 2021 baada ya posti za Facebook kumlenga. Kazi ya kukagua maudhui ya ukanda huu ilikuwa ikifanyika Nairobi, na Aprili 2025 mahakama hiyo iliamua kwamba ina mamlaka ya kuisikiliza kesi.

AFISA WA SERIKALI: Mahakama ya nchi ya Kiafrika, kwa sheria ya nchi ya Kiafrika. Hiyo ndiyo mamlaka ya taifa iliyokuwa ikidaiwa tangu mwanzo.

MWANASHERIA: Ni mamlaka ya mahakama, na haikuletwa na wizara yoyote. Wanaodai ni raia wa kawaida, pamoja na Taasisi ya Katiba ya Kenya. Wanataka mfumo wa kupendekeza posti usiipe chuki kasi, wanataka wakaguzi wa kutosha wanaojua lugha za watu, na wanataka mfuko wa fidia kwa waathirika. Siku raia wa aina hiyohiyo watakapotaka kuishtaki serikali yao wenyewe kwa kujifanya umati, jaji aliyeipa Nairobi mamlaka juu ya kampuni ya California atahitaji kuwa na mamlaka hiyohiyo juu ya ikulu.